Nafula Analala Wapi Mchana?

Ijumaa, mwezi wa Mei. Doha.

Joto la leo halina adabu. Tangu asubuhi anga limekuwa na rangi ya chai ya maziwa, vumbi limeyameza majengo ya mbali, na ukigusa kioo cha dirisha la sebuleni unaondoa mkono haraka. Simiyu yuko jikoni. Nafula amelala.

Sentensi hiyo ya mwisho nimeiandika, nikaifuta, nikaiandika tena. Wiki hii nimejifunza kutoiamini.

Wacha nijieleze kwa aliyefika kwenye blogu hii leo kwa mara ya kwanza. Mimi ni nesi katika kliniki ya watoto. Tunaishi Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya tatu, chumba kimoja cha kulala na sebule, katika jengo la zamani ambalo jirani akipiga chafya upande wa pili wa ukuta unaweza kumwambia pole. Mume wangu ni Simiyu. Alinifuata huku kwa karatasi zangu za ukaazi, akakaa muda mrefu bila kazi, na hali hiyo ikawa inamla polepole bila yeye kusema. Mwishowe akapata familia moja ya Abu Hamour iliyotaka dereva. Alfajiri anapeleka watoto wao shuleni, jioni anampeleka Madamu kwenye shughuli zake. Hapo katikati yuko huru, na gari anakaa nalo. Kwa hiyo mimi nikienda kazini yeye ndiye anayebaki na mtoto, na alasiri nikirudi yeye anatoka. Tunapokezana Nafula mlangoni kama askari wanaobadilishana zamu.

Nafula ni binti yetu wa kwanza. Alizaliwa Novemba, siku mvua iliponyesha hadi barabara za hapa, ambazo hazijui mvua ni kitu gani, zikawa madimbwi. Kwetu Bungoma msichana wa mvua ana jina lake tayari, hatukuhangaika.

Na Nafula alikuwa halali.

Yaani, alikuwa analala begani. Alikuwa analala mgongoni, kwenye titi, kifuani mwa babake. Lakini mlaze kitandani kwake uone. Mgongo ukigusa godoro tu, macho yanafunguka kama ya mtu aliyesikia mlango ukivunjwa.

Mimi ndiye ninayewaeleza akina mama kliniki jinsi ya kufanya. Nawaambia mtoto mchanga hafundishwi kulala, huyo anahitaji kushibishwa na kushikwa basi. Subiri akaribie nusu mwaka, daktari awe ameridhika na uzito wake, asiwe na homa wala jino linalomsumbua. Hapo ndipo unaanza, pole pole. Unamnyonyesha mapema kidogo ili asizoee kusinzia na titi mdomoni. Unafunga pazia. Unamlaza chali kwenye kitanda chake, pasipo mto wala mwanasesere, akiwa na usingizi lakini bado anakuona. Unakaa kando yake, kiganja kifuani pake. Akinung'unika, mwache anung'unike. Akilia kwa uchungu, mnyanyue, mtulize, mlaze tena. Siku zikienda unakisogeza kiti chako nyuma kidogo kidogo hadi ufike mlangoni. Habari ya kumfungia mtoto chumbani alie hadi achoke, hiyo mimi siiwezi na simshauri mtu.

Basi Nafula alipoanza kukaribia umri huo nikamkalisha Simiyu chini nikamweleza yote. Alikuwa anakunja vifulana vyake.

"Sawa, sista," akasema. Huniita sista nikianza kuongea kama niko kliniki. "Na akilia sana?"

"Unamnyanyua."

"Nikimlaza alie tena?"

"Unamnyanyua tena."

"Hadi lini?"

"Hadi azoee."

Akakunja kifulana ambacho alikuwa ameshakikunja. Jioni hiyo mamake alipopiga simu akamweleza mpango wetu, simu ikiwa kwenye spika. Kukhu, ndivyo tunavyomwita bibi huyo, akauliza kama huku Arabuni watoto hufundishwa na kupiga miayo pia. Simiyu akacheka. Mimi nikacheka pia, lakini niliona jinsi alivyocheka, na nikaiweka hiyo akilini.

Siku za kwanza alisema ni kazi ngumu. Hilo niliamini.

Kisha ghafla ikawa rahisi. Narudi kutoka kazini, nauliza, naambiwa amelala vizuri sana. Nauliza alilia? Kidogo tu. Ulimwekea mkono kifuani? Ee, mkono kifuani. Nilifurahi kwa siku moja, labda na nusu. Halafu nikaanza kufikiri. Nimeshaona watoto wa kutosha kujua kwamba hawageuki hivyo. Na usiku, akiwa nami, mtoto yuleyule alikuwa anaukimbia usingizi vilevile kama zamani. Iweje mchana alale kama mtoto wa kwenye tangazo la sabuni?

Wazo la kwanza lililonijia ni dawa.

Msinishangae. Kazi yangu imenionyesha mengi. Kuna watu wazuri, wanaompenda mtoto, wanaompa kijiko cha dawa ya mafua ili wapumzike kidogo. Tuna chupa moja kabatini, ya mafua yangu mimi. Nikachora mstari mdogo kwa kalamu pale dawa ilipofikia. Kila nikirudi kutoka kazini, kabla hata sijavua viatu, nilikuwa naenda bafuni, nafungua kabati, naangalia mstari. Dawa haikupungua. Ungedhani moyo ungetulia. Badala yake nikajiambia labda amenunua chupa nyingine, nikaanza kupekua takataka.

Sikupata chupa. Nilipata mashaka zaidi, kwa sababu sasa sikuwa na maelezo hata moja.

Halafu ikaja ile harufu.

Nilimpokea Nafula mlangoni, nikamwinamia kichwani kama kawaida. Kichwa cha mtoto wangu kinanuka maziwa na jasho tamu. Harufu hiyo ningeijua hata nikiwa nimefumba macho. Siku hiyo kilikuwa kinanuka udi. Si ule wa kupita dukani ukakugusa tu. Udi mzito, wa bei, wa mwanamke anayejifukiza kabla ya kutoka nyumbani. Nyumbani kwetu hakuna udi.

"Mlienda wapi leo?" nikauliza.

"Hatukuenda popote," Simiyu akasema, akiwa ameinama anafunga kamba za viatu. "Jua lote hili?"

Siku iliyofuata, udi tena. Na nilipokuwa namvua nguo nimwogeshe, kikadondoka kibanio cha nywele kutoka kwenye mkunjo wa rompa yake. Kidogo, cha waridi, chenye kipepeo. Nafula hana nywele za kubana. Mimi nimesuka.

Nilikaa kando ya beseni nikiwa na kibanio hicho mkononi, na kichwani mwangu mwanamke akajijenga mwenyewe. Ni mrefu. Ananukia. Ana mtoto wa kike mwenye nywele ndefu. Anakuja nikishaondoka, au Simiyu anaenda kwake, na binti yangu analazwa kifuani mwa mtu nisiyemjua, na ndiyo maana analala. Nilimpa hadi sauti. Nilimpa hadi jiko lake.

Sikumuuliza Simiyu. Niliogopa atanijibu.

Badala yake nikawa mtu wa mitego. Nilikuwa namuuliza swali lilelile kwa njia mbili, moja tukila, nyingine tukiwa kitandani. Nilinusa mashati yake. Yalikuwa na udi, lakini mashati ya dereva wa Madamu yana haki ya kunuka udi, ndivyo nilivyojiambia, kisha nikajiambia kwamba huo ni udhuru mzuri kupita kiasi. Nikimwona anapiga miayo mezani nilikuwa nawaza: umechoka kwa lipi? Mtu aliyeamka alfajiri na bado ana safari za jioni, nami namuuliza moyoni amechoka kwa lipi.

Jumatano daktari wetu aliamka na homa, miadi yake ikafutwa, tukaruhusiwa kwenda nyumbani kabla ya adhuhuri. Wenzangu walifurahi. Mimi nilikaa kwenye teksi nimeshikilia mkoba kama ninakwenda mahakamani. Sikupiga simu. Nilitaka kufungua mlango bila mtu kujua.

Nilifungua. Nyumba ilikuwa kimya.

Si kimya cha mtoto aliyelala. Kimya cha nyumba isiyo na watu, ambacho una uhakika nacho kabla ya kuvua viatu. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa. Nikaenda chumbani. Kwenye kitanda cha Nafula kulikuwa na rundo la nguo safi nilizoacha pale asubuhi nikiwa na haraka. Halijaguswa. Hata soksi iliyokuwa juu ilikuwa bado imelala vile nilivyoiacha.

Nikapiga simu. Akapokea haraka, kwa mnong'ono.

"Vipi, Mama Nafula?"

"Vipi. Mtoto?"

"Amelala."

"Amelala wapi?"

"Si kitandani kwake," akasema. Kwetu huo ndio mtindo wa kusema: si kitandani, tena wapi kwingine.

Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda hicho, mkono wangu juu ya soksi.

"Sawa," nikasema. "Usimwamshe."

Nikakata. Nilijua kwamba nikisema neno moja zaidi nitapiga kelele, na kama yuko na mtu sikutaka mtu huyo anisikie.

Sijui nilikaa chini muda gani. Nakumbuka nilifungua kabati la nguo nikatazama kama nguo za Simiyu zipo. Zilikuwepo. Nakumbuka nilinawa uso. Kisha nikashuka chini kwa ngazi, maana lifti ingenisimamisha mahali pamoja na mimi sikuweza kusimama, nikamtafuta haris, mzee anayelinda jengo letu. Anatoka Bangladesh, na tunaelewana kwa mchanganyiko wa Kiarabu, Kiingereza na mikono. Nikamuuliza kama amemwona Baba Nafula.

Hakushangaa hata kidogo. Akaelekeza kidole nyuma ya jengo.

"Sayara," akasema. Gari. "Kila siku. Mtoto analala, baba analala." Akaegemeza shavu kwenye viganja vyake viwili kunionyesha, na akatabasamu, kana kwamba ananieleza jambo zuri.

Nyuma ya jengo kuna uwanja wa mchanga ambapo watu huegesha magari yao ovyo. Karibu na ukuta wa jengo jirani kuna kivuli chembamba. Gari jeupe la Madamu lilikuwa pale, injini inanguruma, maji yanadondoka chini yake kutoka kwenye kiyoyozi. Nikakimbia. Mchanga ulikuwa unachoma kupitia viatu vya kazi.

Simiyu alikuwa kwenye usukani, kiti kimelazwa nyuma, mdomo wazi, amelala. Simu bado iko pajani. Nyuma yake, kwenye kiti cha usalama cha binti mdogo wa Madamu, alikuwa Nafula amefungwa mikanda, kichwa kimeanguka mbele, kidevu kimegusa kifua.

Hakukuwa na mwanamke yeyote. Na wala sikupata nafuu yoyote kwa kutomkuta.

Kwa sababu kidevu kile mimi nakijua. Mtoto mdogo akilala ameketi, kichwa kikaanguka hivyo, njia ya hewa inajikunja, na hatalia kukuambia. Na gari hili lingezima, kwa mafuta kuisha au kwa hitilafu yoyote, mwanamume huyu akiwa amelala usingizi wa namna hii, katika jua hili? Nilipiga kioo kwa kiganja, kisha kwa ngumi. Simiyu akaruka, akanitazama kama haelewi mimi ni nani. Milango ikafunguka. Udi ukanipiga usoni kutoka ndani, mzito, umejaa kwenye viti, na sakafuni karibu na kiti cha mtoto kulikuwa na vibanio vingine vya vipepeo vimetapakaa.

Nikamtoa Nafula. Akakohoa kidogo, akafungua macho, akaniona, akacheka.

Nilikaa pale pale kwenye ukingo wa mlango wa gari nikamkumbatia, naye akawa ananivuta kitambulisho cha kazi.

Tulipofika juu hatukupigiana kelele. Kuta zetu haziruhusu, na nadhani kama zingeruhusu tungesemezana mabaya. Simiyu alisimama mlangoni mwa chumba cha kulala akitazama lile rundo la nguo kitandani.

"Siku za kwanza nilikaa kwenye kiti hicho," akasema. "Nilifanya vile ulivyosema. Mkono kifuani, namnyanyua, namlaza, namnyanyua. Alilia hadi sauti ikamkauka. Jirani akagonga ukuta. Siku nyingine haris akapanda juu kuuliza kama mtoto ni mgonjwa. Nilijiona kama mtu anayemtesa mtoto wake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba nimeshindwa kumlaza mtoto?" Alikuwa anaongea kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma. "Nimekaa nyumba hii muda mrefu nikikuangalia ukitoka asubuhi. Sasa nina kazi mbili tu, kuendesha gari na kumlaza Nafula. Hii ya pili ilinishinda, nikaisaidia kwa ile ya kwanza. Nikizunguka kidogo mitaani analala. Nikisimamisha gari namwacha alale, nami nafumba macho kidogo."

"Hukuwa umefumba macho kidogo. Nilipiga kioo kwa ngumi."

Nikamweleza habari ya kidevu na pumzi. Nikamweleza habari ya injini kuzima. Sikutumia sauti ya kliniki, haikuja. Aliketi kitandani kwetu taratibu kama mzee, akauficha uso mikononi, na nikaona mgongo wake ukitetemeka. Sikuwahi kumwona Simiyu hivyo, hata mamangu alipokufa, na alimpenda sana.

Kisha nikamwambia na langu. Nilimwambia kuhusu chupa na mstari, na kuhusu udi. Nilimwambia kwamba kwa siku zote hizo nilidhani kuna mwanamke. Nilitegemea atacheka. Ningelipa chochote acheke. Alinitazama tu.

"Ulidhani nampa mtoto wangu dawa," akasema. Mwanamke hata hakumgusia.

Baadaye, Nafula akiwa ameshanyonya na ametulia mikononi mwangu, akaongeza jambo jingine, bila hasira.

"Na wewe je, usiku? Unafikiri nikilala sisikii? Akifungua mdomo tu, kabla hajalia hata mara moja, unamweka titini. Mpango uliniachia mimi peke yangu."

Nilimtazama Nafula. Alikuwa amelala, titi mdomoni.

Jana, Alhamisi, tulipita kimya kimya ndani ya nyumba kama wapangaji wawili. Lakini asubuhi aliporudi kutoka Abu Hamour niliona shati lake limeloa jasho mgongoni. Alikuwa amerudi kwa basi. Gari ameliacha kwa Madamu. Amemwambia atakuwa analifuata jioni. Hakuniuliza kama afanye hivyo. Alimpokea mtoto mlangoni, akaniambia, "Nenda, utachelewa," na mimi nikaenda, na siku nzima kazini nilishindwa kumaliza hata kikombe kimoja cha chai. Alasiri akaniambia Nafula amelala begani kwake, akitembea sebuleni, hakujaribu kitandani. Nilimwamini. Niligundua kwamba nimemwamini nikiwa tayari nimevua viatu na sijanusa kitu.

Jioni, yeye akiwa kazini, nilimbeba Nafula nikaenda kugonga kwa jirani anayegonga ukuta. Ni mama wa Kimisri, mnene, mwenye macho ya kuchoka. Nilikuwa nimejitayarisha kwa moja kati ya mambo mawili, ama atanifokea ama ataniambia hakuna shida, na kwa Kiarabu changu cha kliniki nikamweleza kwamba mtoto anajifunza kulala peke yake, atalia siku chache, tunaomba radhi. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema ukweli: mume wake anafanya kazi usiku, analala mchana, na kilio kinamwamsha, na akiamka anakuwa mkali kwake yeye. Alisema hayo huku anamtazama Nafula, na Nafula anamtazama yeye. Kisha akasema, "Hadi Jumatatu." Baada ya Jumatatu, khalas, basi. Akafunga mlango. Sikujua nimekubaliwa au nimefukuzwa. Nadhani ni vyote viwili.

Na leo ni Ijumaa, sote tuko nyumbani.

Tulikubaliana usingizi wa kwanza wa mchana atausimamia Simiyu, na kazi yangu mimi itakuwa moja: kutoingia. Nilimnyonyesha sebuleni, mapema, nikamtoa titini kabla macho hayajalegea. Akanikasirikia. Simiyu akamchukua, akafunga pazia, akaurudisha mlango bila kuufunga.

Mimi nikaenda jikoni nikaanza kusugua sufuria iliyokuwa safi.

Akanung'unika. Kisha akalia. Nilikuwa nafahamu kila aina ya kilio chake, hiki cha hasira, hiki cha "niko hapa mmenisahau", hiki cha kujaribu bahati. Nilikuwa najua kwamba hakuna hata kimoja kilichokuwa cha maumivu, na maziwa yangu hayakujali ninajua nini, yakaanza kutoka yenyewe yakailoanisha blauzi. Nilimsikia Simiyu akimnyanyua, kimya, akimlaza, kilio. Alikuwa anamwambia kitu kwa Kibukusu kwa sauti ya chini, nadhani alikuwa anamtajia majina ya ndugu zake wote mmoja mmoja. Nikaanza kumshuku tena, hivi hivi, kwa mazoea: sasa atamweka begani, sasa atafungua mlango, sasa ataniita. Nikanyata hadi kwenye korido. Niliweka mkono kwenye kitasa.

Sikukizungusha. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilisikia sauti ya Simiyu ikitetemeka na bado inaendelea na majina.

Ukuta wa jirani haukugongwa. Kilio kikawa kifupi, kikawa na mapengo, kikawa kinarudi kama mtu aliyesahau alichokuwa anasema. Kisha hakikurudi.

Simiyu alitoka amepauka. Akanipita, akaenda jikoni, akanywa maji ya bomba akiwa ameinama, jambo ambalo huwa ananikataza. Sikumuuliza kitu. Niliingia mwenyewe, nikainama, nikasikiliza pumzi, nikaweka kidole chini ya pua ya Nafula. Chali, mikono juu ya kichwa kama mtu aliyesalimu amri. Amelala kitandani kwake. Nimemwona kwa macho yangu, na bado nimerudi kumwona tena kabla ya kukaa hapa kuandika.

Wakati naandika aya hii ameamka. Hakulia. Yuko mle ndani anajisemesha, ba-ba-ba-ba, kwa kujiamini sana. Simiyu amekuja mbio kutoka jikoni, mikono ina unga, na tumesimama wote wawili kwenye korido, hatuingii, tunasikiliza.

"Umesikia?" akaninong'oneza. "Ananiita."

Nikamwambia ni sauti tu, watoto wote wa umri huu huanza na herufi hiyo, haina maana yoyote. Huo ndio ukweli wa kitaalamu. Lakini nilimwona alivyosimama, na nikanyamaza kabla sijaongeza neno.

Usiku wa leo ni zamu yangu kukaa kwenye kiti, mkono kifuani pake, blauzi imefungwa vifungo vyote. Simiyu atakuwa sebuleni, na amesema atatega sikio. Ninavyomjua, atalitega kweli.

Je, nitaweza kukaa?